Joto la ghafla saa tisa usiku: wanawake wanaokoma hedhi wanahitaji nini kazini?

#1 Muuguzi Mstaafu (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma humu bila kuandika, lakini jambo hili nimelibeba moyoni tangu nilipostaafu, na leo nimeamua kuliandika lote hata kama litakuwa refu.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34. Katika 12 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi, maana yake mimi ndiye niliyepanga ratiba ya zamu, niliyetoa ruhusa, na niliyeandika maoni kwenye fomu za tathmini ya utendaji. Chini yangu alikuwapo mkunga mmoja mwenye umri wa miaka 49, hodari kiasi kwamba wanafunzi walipelekwa kwake wakajifunze kwa kuitazama mikono yake. Ndani ya mwaka mmoja alibadilika mbele ya macho yetu. Alianza kuchelewa kupokea zamu, akawa anasahau kujaza chati ya uchungu, akawa mkali kwa wadogo zake. Usiku mmoja, yapata saa tisa, nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nje ya wodi, amefungua vifungo viwili vya juu vya sare yake, jasho linamtiririka ilhali wenzake ndani walikuwa wamejifunika khanga kwa baridi. Nilimuuliza kwa nini ameiacha wodi. Akanijibu, "Sista, najisikia kuungua." Nikamwambia akapime malaria.

Alipima, hakuwa nayo. Mwezi uliofuata alipima tena, na mwezi mwingine tena, na safari moja alimeza dozi nzima bila kuonekana kimelea hata kimoja. Mimi nilimwandikia barua ya onyo kwa kuacha kituo cha kazi. Kabla hajafikisha miaka 51 aliacha kazi, nasi tukaendelea kulalamika kwamba wakunga wenye uzoefu hawapatikani.

Miaka minne baadaye joto lile lile lilinishika mimi, katikati ya kikao cha asubuhi, likapanda kutoka kifuani hadi usoni kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri mbele yangu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemfanyia yule mwenzangu.

Kwa wasiofahamu, kukoma hedhi kunathibitika pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na kwa walio wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Wapo ambao huwafika kabla ya miaka 40, na wapo wanaoingia ghafla kwa sababu wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa ovari zote mbili. Lakini taabu kubwa mara nyingi haingoji hedhi ikatike. Huanza katika miaka ya mpito, wakati ovari zinapotoa homoni ya estrojeni kwa kupanda na kushuka bila mpangilio, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili ikawa haistahimili hata badiliko dogo ambalo zamani lisingehisiwa. Mwili hufungua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho kana kwamba umesimama juani, kisha baada ya dakika chache mtu hutetemeka kwa baridi ndani ya nguo zilizolowa. Yakitokea hayo mara tano kwa usiku, hakuna usingizi. Na pasipokuwa na usingizi, kumbukumbu na subira navyo hupungua. Wengine huumwa viungo, wengine hupatwa na wasiwasi ambao hawakuwahi kuujua, wengine hutokwa na damu nyingi kwa siku nyingi hadi wakapungukiwa damu mwilini.

Joto hili si homa. Ukiweka kipimajoto kwapani, kwa kawaida hakionyeshi homa. Lakini sisi tumekulia mahali ambapo jasho na udhaifu vina jina moja, nalo ni malaria, na kwa hiyo mama anazunguka kutoka maabara hadi duka la dawa bila kupata jibu. Nisieleweke vibaya: jasho la usiku linaloambatana na kikohozi, homa au kupungua uzito ni lazima lichunguzwe, kwa sababu kifua kikuu nacho huja hivyo. Ninachosema ni kwamba mwanamke wa miaka 48 akisema anaungua na vipimo havionyeshi kitu, aulizwe pia kuhusu hedhi yake.

Kinachoniuma zaidi ni wakati ambapo mambo haya hutokea. Katika utumishi wetu wa umma hapa Tanzania mtu anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Maana yake, miaka ya mpito inaangukia pale pale mwanamke anapokuwa muuguzi mfawidhi, mwalimu mkuu, mhasibu mkuu au fundi anayetegemewa na karakana nzima, baada ya kulea watoto na kusubiri zamu yake ya kupanda. Upo utafiti mkubwa wa Marekani, unaojulikana kwa jina la SWAN, ambao mwaka 2015 ulionyesha kwamba joto la ghafla na jasho la usiku hudumu kwa wastani wa kati wa miaka 7.4, na kwa wanawake wenye asili ya Afrika waliomo katika utafiti huo, miaka 10.1. Hao ni wanawake wa Marekani, wenye maisha yao, na sisi tuna yetu. Lakini hata tukichukua nusu ya muda huo, hatuzungumzii homa ya wiki mbili ambayo mtu anaweza kuivumilia kimya kimya hadi ipite.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Wengi hudhani kwamba kumsaidia mwanamke wa namna hii kunahitaji likizo mpya, bajeti mpya na semina hotelini. Mimi nasema sehemu kubwa ya msaada imo kwenye ratiba ya zamu, kwenye dirisha, kwenye choo na kwenye kitambaa cha sare, na kwamba sheria tuliyonayo tayari ina mahali pa kushika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikutaja kukoma hedhi. Hata hivyo, kifungu chake cha 20, kinachohusu kazi ya usiku, yaani ile ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kinamkataza mwajiri kumpangia zamu ya usiku mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kwamba hafai kwa kazi hiyo, na kinamtaka amhamishe yule aliyekuwa akifanya kazi usiku akathibitishwa hivyo baadaye, isipokuwa pale ambapo jambo hilo haliwezekani kutekelezwa. Wasimamizi wengi, nami nikiwa mmojawao, tulikijua kifungu hiki kwa ajili ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kifungu cha 32 kinatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kukoma hedhi si ugonjwa, lakini kupungukiwa damu kwa sababu ya hedhi nzito kunaweza kuthibitishwa na daktari kama maradhi mengine yote. Kifungu cha 7 nacho kinakataza ubaguzi wa jinsia na wa umri. Kisha ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa, vyoo, mahali pa kunawa na hewa ya kutosha. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, hivyo wasome ya kwao.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanawake wenyewe na kwa wasimamizi: huko kazini kwenu hali ikoje?

#2 Mkuu wa Kitengo

Shikamoo mama. Nimeusoma uzi huu mara mbili. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, ninasimamia kitengo cha uhasibu chenye watu 11, na wanne kati yao ni akina mama ambao wangeweza kunizaa. Mmoja wao, ambaye hesabu zake hazikuwahi kuwa na kasoro, amekuwa akifanya makosa madogo tangu mwanzo wa mwaka, na juzi alitoka nje ya kikao akilia bila mtu kumkosea. Nakiri nilikuwa nimeanza kuandaa maelezo ya kumpeleka kwa afisa rasilimali watu. Swali langu ni la heshima zaidi kuliko la sheria. Nitaanzaje kumuuliza mama wa umri wa mama yangu kuhusu hedhi yake? Na nisipouliza, nitajuaje?

#3 Muuguzi Mstaafu (mleta uzi)

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kuandika maelezo yale.

Usimuulize kuhusu hedhi. Hilo ni lake, na hata akikujibu atajuta baadaye. Muulize kuhusu kazi. Chagua wakati ambapo hakuna mtu wa kusikia, usimwite ofisini kwa sauti mbele ya wenzake, na umwambie hivi: "Mama, nimeona siku hizi kazi inakuwa nzito kwako kuliko zamani. Kuna jambo lolote katika ratiba, katika chumba tunachokaa au katika mgawanyo wa kazi ambalo tukilibadilisha litakusaidia?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno yako. Anaweza kusema ni joto la chumba, anaweza kusema ni mume anayemuuguza nyumbani, anaweza asiseme chochote siku hiyo na akarudi baada ya wiki mbili. Yote hayo ni majibu, na huhitaji kujua ugonjwa wala umri wa kizazi chake ili umhamishie meza karibu na dirisha.

Jambo la pili, waambie watu wote wa kitengo, wanaume kwa wanawake, kwamba mtu yeyote mwenye hali ya kiafya inayohitaji marekebisho ya kazi anaweza kuzungumza nawe au na mtu mwingine utakayemtaja, na huyo mwingine awe mwanamke wa umri wao. Mahali penye wawakilishi wa usalama na afya, mmoja wao anafaa sana. Mama ambaye hawezi kukuambia wewe atamwambia mwenzake jikoni wakati wa chai, mradi ajue kwamba huyo mwenzake ana mamlaka ya kukufikishia ombi bila kukufikishia sababu.

Jambo la tatu, ukisikia watu wakisema "mama kabadilika, umri umemfika," kemea. Maneno hayo huanza kama utani, nao ndio unaowafanya wanawake wafiche.

Watu wawili wameniandikia faraghani wakiuliza aliko yule mkunga. Nilimtafuta nilipostaafu na nikamwomba radhi. Nilimuuliza angehitaji nini usiku ule, nikitarajia atataja mambo makubwa. Alisema alihitaji dakika kumi nje na mtu wa kumshikia wodi.

#4 Mshonaji wa Laini ya Tatu

Naomba nieleze ya kiwandani, kwa sababu naona wanaozungumza ni wenye madirisha.

Ninashona nguo za kusafirishwa nje. Nina miaka 47. Kwenye laini yetu tuko 42, na ukitaka kwenda chooni unachukua kadi kwa supavaiza. Kadi ziko mbili. Kama zote ziko nje, unasubiri. Kwa msichana wa miaka 22 kusubiri dakika 15 ni usumbufu, lakini mimi mwaka jana nilikuwa natokwa na damu kwa siku 11 hadi 12 kila mwezi, mabonge mabonge, nikivaa pedi mbili kwa pamoja na khanga nyeusi ndani ya sare. Mara mbili nimechafua kiti. Mara ya pili niliomba mwenzangu anisitiri kwa nyuma hadi getini, nikaenda nyumbani, na nikakatwa mshahara wa siku hiyo kwa kuondoka bila ruhusa, kwa sababu aliyekuwa akitoa ruhusa alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili na ulimi wangu ulikataa kutamka.

Nilipoanza kuona kizunguzungu mbele ya mashine ndipo nilipokwenda hospitali. Damu ilikuwa imeshuka sana, wakakuta na uvimbe kwenye kizazi. Daktari alisema ni kawaida hedhi kuvurugika katika umri huu, lakini siyo kawaida kutokwa namna ile na nisingengoja. Natumia vidonge vya madini ya chuma na nimepangiwa kurudi.

Kinachonitesa sasa ni usiku. Kukiwa na oda ya haraka tunabakizwa hadi saa nne au saa tano. Nikifika nyumbani saa sita, nalala kwa muda wa saa moja tu, joto linaniamsha, nabadilisha shuka, na saa kumi na moja ninaamka kwenda kazini. Mama umetaja kifungu cha 20. Je, daktari anapaswa kuandika nini hasa? Nikimpelekea supavaiza karatasi inayosema "anakoma hedhi", laini nzima itajua kabla ya saa nne asubuhi.

#5 Afisa Rasilimali Watu

Nimefanya kazi hii kwa miaka 15 na mimi mwenyewe nina miaka 52, kwa hiyo ninayosema siyasemi kwa kukosa huruma. Nina hofu moja. Tumepigania kwa muda mrefu mwanamke asikataliwe kazi kwa sababu ya mimba. Leo tukianza kuwaambia waajiri kwamba kuanzia miaka 45 mwanamke huwa hana usingizi, husahau, huwa mkali na huhitaji ratiba ya peke yake, tutakuwa tumewapa sababu mpya ya kutompandisha cheo. Wapo wanawake wengi wanaopita kipindi hiki bila taabu kubwa. Mimi ni mmoja wao. Je, si bora suala hili libaki kati ya mwanamke na daktari wake?

#6 Muuguzi Mstaafu (mleta uzi)

Dada yangu, hofu yako ni ya kweli na nimeikaa nayo tangu jana.

Ni kweli kwamba wapo wanaopita bila taabu, na ndiyo maana sipendekezi ratiba ya "wanawake wa miaka 45 na kuendelea". Sera ya umri ingekuwa kosa lile lile la barua yangu ya onyo, kwa njia nyingine: kumhukumu mtu bila kumuuliza. Napendekeza mlango ambao mwenye shida anaweza kuubisha, na ambao mwenye maradhi ya moyo, mwenye kisukari na baba anayetoka kwenye upasuaji wa mgongo wanaweza kuubisha pia.

Lakini sikubaliani nawe kwamba suala libaki kwa daktari. Daktari hana funguo za choo cha kiwandani. Hawezi kuongeza kadi ya tatu kwenye laini ya dada huyu mshonaji. Na kuhusu kuwapa waajiri sababu, fikiria yaliyotokea tulipokuwa kimya: mkunga wangu aliandikwa mzembe, mhasibu wa kijana wetu alikuwa karibu kuandikwa hivyo, na mshonaji amekatwa mshahara kama mtoro. Mwajiri alikuwa na sababu tayari, ila zilikuwa za uongo. Mwanamke aliyeandikwa mzembe kwenye jalada lake hana pa kukatia rufaa, lakini aliyeomba marekebisho kwa maandishi akanyimwa na kisha akaadhibiwa ana jambo la kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Na wewe, kwa nafasi uliyonayo, unaweza kufanya zaidi yangu: chama cha wafanyakazi kitakapokaa nanyi kujadili mkataba wa hali bora, aya moja kuhusu marekebisho ya kazi kwa sababu za kiafya inatosha. Haihitaji hata kutaja hedhi.

Kwa mshonaji: mwombe daktari aandike kwamba, kwa sababu za kiafya, hufai kwa kazi ya usiku kwa kipindi fulani, kwa mfano miezi mitatu, baada ya hapo utachunguzwa upya. Aandike na tarehe, jina lake, namba yake ya usajili na mhuri. Jina la tatizo si lazima liwepo. Usimpe supavaiza. Ipeleke ofisi ya rasilimali watu, uwe na nakala, na nakala hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa. Saa mbili usiku ndiyo mpaka wa sheria, kwa hiyo kubakizwa hadi saa nne au tano tayari kumo ndani ya kazi ya usiku, hata kama kiwandani wanakuita "ovataimu" tu.

#7 Binti wa Pangani

Nawasalimu kutoka Uingereza, ninakofanya kazi ya kutunza wazee mwaka wa tisa sasa.

Nilipovunja ungo, bibi alinitafutia somo. Nilikaa ndani, nikafundishwa namna ya kujihifadhi, kufua vitambaa na kuhesabu siku. Shughuli ilikuwa kubwa hata majirani walijua. Hedhi ilipoanza kunikatikia nikiwa na miaka 46, nilimpigia simu mama, naye akasema, "Umeshakuwa mtu mzima, shukuru Mungu," akabadilisha mazungumzo. Tulifundwa namna ya kuingia, lakini wa kutufunda namna ya kutoka hakuwapo.

Niongeze kidogo kuhusu huku. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 nayo haikuitaja hali hii kwa jina, na Januari 2023 serikali ilikataa pendekezo la kamati ya bunge la kujaribu likizo maalumu ya kukoma hedhi. Lakini Februari 2024 tume ya usawa na haki za binadamu ilitoa mwongozo kwa waajiri, ukieleza kwamba dalili zikimwathiri mtu kwa kiwango kikubwa na kwa muda mrefu zinaweza kuhesabiwa kama ulemavu kwa maana ya sheria, na hapo mwajiri analazimika kufanya marekebisho yanayofaa. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi kwamba sheria ya zamani inaweza kufanya kazi mpya. Kwangu mimi marekebisho yalikuwa mawili tu: niliruhusiwa kuvaa sare ya pamba badala ya ile ya polista, na nikapewa ya ziada ya kubadilisha katikati ya zamu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Sikuipeleka.

#8 Mwalimu wa Jiografia

Shikamoo mleta uzi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 51, pwani. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, kipindi cha mwisho huanza saa saba na dakika ishirini mchana chini ya bati, darasa lina wanafunzi 70. Nilikuwa nikishikwa na joto ubaoni, uso unawaka, wanafunzi wanadhani nina hasira nao. Nilimwendea makamu mkuu wa shule, ambaye ni mwanamke, na sikumweleza yote. Alibadilishana vipindi vyangu na vya mwalimu mwingine bila kuuliza zaidi, na sasa ninafundisha kabla ya saa nne. Mwalimu aliyechukua vipindi vya mchana ni kijana na hakulalamika, kwa sababu amepata asubuhi zake za kusahihisha madaftari.

Swali langu ni kuhusu dawa. Kwenye simu zetu kila siku kuna matangazo ya dawa za "kusafisha kizazi" na "kurudisha homoni". Na nimesikia kwamba tiba ya homoni ya hospitali inaleta saratani. Ukweli ni upi?

#9 Muuguzi Mstaafu (mleta uzi)

Marahaba mwalimu. Zile za kwenye simu achana nazo. Kizazi hakihitaji kusafishwa kwa vidonge, na hujui kilichomo ndani yake.

Kuhusu tiba ya homoni, hofu hiyo ilienea kwa kiasi kikubwa mwaka 2002, pale majaribio makubwa ya Marekani yalipositisha sehemu yake moja baada ya kuona ongezeko la saratani ya matiti na maradhi ya moyo kwa waliotumia estrojeni pamoja na projestini, homoni ya pili inayotolewa pamoja nayo. Waliokuwa katika jaribio lile walikuwa na umri wa wastani wa takriban miaka 63, wengi wakiwa wameshapita mbali kipindi cha mpito. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikatike, faida mara nyingi huzidi madhara. Hatari haikuwa hadithi, lakini hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu au ugonjwa wa ini anahitaji njia nyingine, ambazo zipo. Hilo ni la daktari wa wanawake, tena ana kwa ana.

Nalisisitiza moja tu kwa kila anayesoma: ukishatimiza mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, hata bila maumivu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Usiseme hedhi imerudi. Inaweza kuwa jambo dogo, na inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi ikiwa bado changa.

#10 Mshonaji wa Laini ya Tatu

Ninarudi kutoa taarifa, imepita wiki tatu.

Daktari aliandika kama mama alivyoelekeza, miezi mitatu, bila kutaja tatizo. Rasilimali watu waliipokea, wakasema watalitafakari, na siku ya tano nikaitwa nikaambiwa nitakuwa nikitoka saa kumi na mbili jioni kila siku, oda iwepo isiwepo. Mapato yangu yamepungua kwa sababu ya ovataimu, hilo nalisema wazi ili mwenzangu ajipange, lakini ninalala saa tatu usiku, na hata nikiamshwa na joto ninabakiwa na usiku wa kurudia usingizi.

Kuhusu kadi za chooni, nilimweleza mwakilishi wetu wa usalama na afya, mwanamke wa laini ya kwanza, naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alishachafua kiti. Tumekusanya majina 17. Kikao na meneja wa uzalishaji ni Alhamisi saa nane mchana, na tumekubaliana kwamba atakayezungumza kwanza ni mimi.